Feni ya hita Corolla 110 inapuliza namba 4 tu, rezista mbili zimeshaungua. Naomba msaada wajuzi (mrejesho upo humohumo)

Msonobari_Mafinga (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu, wakubwa zangu shikamooni. Mnisamehe uzi utakuwa mrefu, hii kitu imenisumbua tangu mwezi wa tano na nimeshalipa mafundi wawili bila kupona, kwahiyo naeleza kila kitu ili anayejua aelewe.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia za mkono, hita ile ya zamani ya kuzungusha swichi namba 1 mpaka 4. Niko Mafinga. Kwa ambao hawajafika huku, mwezi wa sita na wa saba ukungu unalala kabisa juu ya lami, saa mbili asubuhi magari bado yamewasha taa na malori ya mbao ya Sao Hill yanapita muda huohuo. Mi nabeba watoto wawili wa shule na jirani yangu mwalimu, watu wanne tunapumua ndani ya gari lililofungwa vioo, dakika tano tu kioo cha mbele kimekuwa cheupe. Unafuta na kitambaa upande wa kulia, ukihamia kushoto kulia kumeshajaa tena. Wiki iliyopita kuna trekta halina taa za nyuma nimeliona nikiwa nimebakiza mita chache tu, watoto walipiga kelele. Hapo ndo nikasema hili jambo lazima liishe.

Tatizo lilianza namba 1 ikafa, baadae 2 na 3 zikafa kwa pamoja, ikabaki 4 peke yake. Gereji ya kwanza wakaniambia ni rezista (kile kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole), wakaweka ya mtumba ya elfu 15, ikapiga kazi wiki mbili ikafa. Gereji ya pili wakaweka mpya kabisa ya elfu 25, hiyo imekaa siku nne. Sasa hata hiyo namba 4 upepo wake umepungua, zamani ulikuwa unasikia mpaka karatasi juu ya dashibodi inaruka, siku hizi ni kama mtu anapulizia chai. Na kuna kaharufu ka plastiki upande wa miguu ya abiria nikiendesha muda mrefu.

Leo fundi wa tatu ananiambia tuachane na rezista, anipigie dairekti, yaani waya kutoka betri mpaka kwenye feni na swichi ya pembeni, feni iwe inazunguka kwa kasi moja tu. Kabla sijakubali nimeona niulize humu.

Kijana_wa_Uyole

Mkuu pole sana, hiyo ni swichi. Mimi yangu ilikuwa hivyohivyo nikabadilisha swichi ikapona.

Mchoma_Lehemu

Mkuu usikubali kupigiwa dairekti kwanza. Hiyo waya ya betri wengi wanaivuta bila fyuzi, wanaipitisha kwenye tundu la chuma kwenye ukuta wa injini, siku ikichunika gari linawaka moto kweli, nimeziona mbili kwa macho yangu.

Mi ni fundi umeme wa magari, niko Iringa mjini. Ngoja nieleze hiyo feni inavyofanya kazi maana ukiielewa utampima fundi yeyote.

Feni yako ni mota ya volti 12 yenye waya mbili tu. Namba 4 umeme unapita kwenye mota na kwenda moja kwa moja bodi (chuma cha gari, ndo negativu), haupiti kwenye koili za rezista. Namba 3, 2 na 1 unapitishwa kwenye koili za rezista, kadri namba inavyoshuka koili zinaongezeka, ndo feni inazunguka polepole. Kwahiyo ikibaki 4 tu, asilimia kubwa ni rezista, waliokuambia hivyo hawakukudanganya. Na zikifa 1, 2 na 3 zote kwa mpigo, mara nyingi koili ni nzima, kilichokatika ni kile kifyuzi kidogo cha joto kilichobanwa palepale kwenye rezista. Kikishakatika hakirudi.

Sasa swali ambalo hakuna aliyejiuliza ni kwanini kimekatika. Rezista haiungui bure. Piga hesabu ndogo tu. Feni isiyo na ubovu namba 1 inakula kama ampea 4, zinapita kwenye koili ya kama ohmu 2, hapo joto linalotoka ni wati 32. Pasi ya kulehemu niliyonayo mezani ni wati 30. Yaani muda wote umewasha namba 1, kuna pasi ya kulehemu imewashwa nyuma ya droo ya abiria. Haiunguzi kitu kwasababu rezista imewekwa makusudi ndani ya njia ya upepo wa feni, feni yenyewe ndo inaipoza. Mota ikianza kuwa nzito kwasababu bushi (zile pete zinazoshika ekseli ya mota) zimekauka, umeme unapanda, ikikwama kabisa unapita ampea 5 na joto linavuka wati 50, na wakati huohuo upepo wa kuipoza haupo. Hapo hata ukinunua rezista kumi zitaungua kumi.

Nijibu vitu vitatu. Ukiwasha asubuhi gari la baridi, feni inalia kama panya au inakwaruza? Ukizima swichi feni inaendelea kuzunguka kidogo kwa mwendo wake au inasimama hapohapo? Na gari unalilaza wapi?

Tegeta_Nyuki

Samahanini wakuu, nadandia uzi. Mimi niko Dar, hita sijawahi kuigusa tangu ninunue gari ila AC yangu inapuliza namba 4 tu, nikiweka 2 inazima hata ubaridi wenyewe unakata. Fundi wa AC anataka kunibadilishia kompresa. Je ni ugonjwa mmoja au ni mwingine?

Mchoma_Lehemu

@Tegeta_Nyuki ni ugonjwa uleule kaka, kabla ya kompresa simama kwanza. Feni ya hita na feni ya AC ni moja, hakuna mbili humo ndani. Na kwenye hizi Toyota AC haipati ruhusa ya kuwaka mpaka feni iwe imewashwa, ili barafu isigande kwenye evapareta (ile rejeta ndogo ya ubaridi ndani ya dashibodi). Namba 2 ikiwa imekufa hakuna upepo wa kukuletea ubaridi, hata kompresa ikiwa nzima. Ukiweka 4 na ubaridi unakuja vizuri, kompresa yako haina shida.

Msonobari_Mafinga

Asante sana fundi, Mungu akubariki. Majibu: asubuhi inalia ndio, inapiga kelele kama dakika mbili halafu inanyamaza, nilidhani ni kawaida ya gari la zamani. Nikizima inasimama hapohapo kama imeshikwa na mkono. Gari nalilaza nje, chini ya msonobari, uwanja wangu una misonobari mitatu.

Mchoma_Lehemu

Chini ya msonobari. Basi nadhani tumefika mkuu.

Fungua boneti, angalia kile kiplastiki chenye matundu chini ya waipa. Hapo ndo feni inavutia hewa ya nje. Gari nyingi za umri huo hazina filta ya kabini, ni shimo moja kwa moja mpaka kwenye feni. Kinachoanguka hapo juu kinashuka.

Ila usifungue bado. Pima kwanza, maana ukishafungua unapoteza ushahidi. Una mita?

Msonobari_Mafinga

Ninayo ile ya njano ya elfu kumi na tano. Naweza kupima volti, mengine nielekeze.

Mchoma_Lehemu

Inatosha kabisa. Toa droo ya abiria, utaiona mota imeningʼinia chini upande wa kushoto, ina soketi ya waya mbili. Usichomoe soketi. Chomeka ncha ya mita kwa nyuma ya soketi kwenye waya mmoja, ncha nyeusi ibane kwenye chuma safi cha bodi. Injini iwe inaunguruma.

Hapa ndo mafundi wengi wanapotea kwahiyo soma taratibu. Toyota nyingi za miaka hiyo swichi haikati umeme wa pozitivu, inakata negativu. Rilei (kile kiboksi kinachofungulia feni umeme) ikishashika, mota inapata pozitivu muda wote, kinachoamua namba ni umeme unarudi bodi kupitia wapi. Sasa fundi anakuja na taa yake ya testa, anagusa waya wa kwanza inawaka, anagusa wa pili inawaka, anasema umeme upo kila mahali basi mota imekufa. Kumbe waya wa pili kuwaka maana yake umeme umepita kwenye mota salama, umefika upande wa pili ukakosa njia ya kurudi. Mota haijafa hapo, njia imekatika mbele, yaani rezista, swichi au negativu yenyewe.

Weka namba 1, pima waya zote mbili. Weka namba 4, pima zote mbili. Lete namba hapa.

Bibi_Kitulo

Wanangu wakati mnapima hayo, huyu bado anabeba watoto kesho asubuhi. Mimi natoka Makete, huku juu karibu na Kitulo ambako uwanda wenyewe uko kama mita 2,600, asubuhi za Juni tunakuta umande umekuwa barafu kwenye majani ya viazi. Nimeendesha pikapu isiyo na hita miaka mingi.

Mwanangu ile swichi ya kuchagua hewa ya ndani au ya nje usiiweke kwenye mzunguko wa ndani, iweke ivute nje. Wengi wanafunga wakidhani wanatunza joto kumbe wanatunza pumzi zao na ukungu ndo unazidi. Vioo vya nyuma shusha kidole kimoja kila upande hata kama watoto watalalamika baridi, wavalishe masweta. Mazulia yakiwa na maji yatoe yakauke, unyevu wote ule unapanda kwenye kioo. Na kioo kwa ndani kioshe na sabuni ukikaushe na gazeti, kioo chenye mafuta ya mikono kinashika ukungu haraka kuliko kisafi. Namba 4 yako hata kama ni dhaifu ielekeze yote kwenye kioo, miguu isubiri.

Msonobari_Mafinga

Shikamoo bibi, asante sana. Hiyo swichi ya hewa ilikuwa imewekwa ndani, sijui tangu lini. Nimefungua leo na tofauti nimeiona palepale.

Fundi namba hizi hapa, injini inaunguruma:

Namba 1: waya wa kwanza 13.4, waya wa pili 13.4. Feni kimya.
Namba 4: waya wa kwanza 12.1, waya wa pili 2.8. Feni inazunguka.

Mchoma_Lehemu

Umepima vizuri kuliko mafundi watatu waliopita.

Namba 1 pande zote 13.4, hapo rezista imekatika, hilo tulilijua. Utajiri uko kwenye namba 4. Waya wa pili pale ulitakiwa usome karibu na sifuri, labda 0.3 au 0.5, maana unaenda bodi moja kwa moja. Wewe unasoma 2.8. Na upande wa pozitivu umeshuka kutoka 13.4 mpaka 12.1. Kwahiyo mota inabaki na volti 9.3 tu badala ya 13. Ndo maana upepo umekuwa wa kupulizia chai.

Hizo volti 2.8 hazijapotea hewani, zinageuka joto kwenye muungano fulani kati ya mota na bodi. Na kaharufu kako ka plastiki kanatoka hapohapo. Fuata waya wa pili mpaka kwenye soketi ya rezista, mpaka kwenye soketi ya swichi, mpaka kwenye nati ya negativu inayobana bodi. Kila soketi ichomoe uiangalie rangi. Pini nzima inangʼaa, iliyoungua ina rangi ya kahawa na plastiki yake imevimba. Upande wa pozitivu angalia fyuzi la HEATER, soma kwenye mfuniko wa boksi.

Kijana_wa_Uyole

Kumbe ndo hivyo, mimi swichi yangu ilikuwa na pini nyeusi kabisa, nikabadilisha nikapona ila sikujua kwanini iliungua. Na sasa hivi imeanza tena kupata moto ukiishika.

Mchoma_Lehemu

@Kijana_wa_Uyole ikipata moto hivyo mdogo wangu fungua mota yako wiki hii. Umeponya kidonda, kinachokuchoma bado kipo.

Msonobari_Mafinga

MREJESHO WA KWANZA

Wakuu leo jumamosi nimeshinda nalo. Nianze na lililonitisha zaidi. Fyuzi la HEATER halipo. Mahali pake kuna nyuzi za shaba zimesokotwa, zimezungushwa kwenye miguu ya fyuzi lililokufa na kurudishwa kama kawaida, ukiangalia kwa juu huoni kitu mpaka ulichomoe. Sijui ni nani aliweka, gari nimelinunua kwa mtu na limepita gereji kadhaa. Miguu ya boksi imebadilika rangi. Nilikaa kwenye kiti dakika kadhaa nikiwafikiria wanangu wanavyolala nyuma tukirudi safari za usiku.

Baada ya hapo nimetoa droo, skrubu mbili, halafu kile kifuniko cha chini. Soketi ya rezista pini moja ina rangi ya kahawa kama alivyosema fundi, plastiki imeyeyuka mpaka kuchomoa nimetumia bisibisi. Mota yenyewe inashikwa na skrubu tatu kwa chini, ukilegeza ya mwisho ishike na mkono wa pili maana inashuka yote.

Imeshuka na kile kilichokuwa juu yake. Lile gurudumu la feni lina mapezi membamba mengi kama kizimba, na ndani yake kulikuwa na sindano za msonobari zimejipanga zote upande mmoja kwa kufuata mzunguko, zimeshikana na vumbi jekundu na unyevu mpaka zimekuwa kitu kimoja kama kiota cha ndege. Nimekitoa kizima kimebaki na umbo la duara, ukubwa wa sahani ya kikombe, katikati kina tundu pale palipokuwa na ekseli. Kina harufu ya msitu. Mwanangu mdogo amekiomba, amekiweka dirishani.

Chini yake rezista ilikuwa imefunikwa na sindano zingine, zile za karibu na koili zimeungua nyeusi nchani. Yaani zilianza kuungua kweli wakuu.

Nimezungusha ekseli kwa vidole, nzito, inakwaruza, na ukiitikisa pembeni inacheza.

Mchoma_Lehemu

Umeponea chupuchupu ndugu yangu. Sindano kavu juu ya koili, na fyuzi ni waya wa shaba, na kifyuzi cha joto ndo kilikuwa mlinzi pekee aliyebaki. Kila kilipokatika kilikuwa kinakuokoa, sisi tukawa tunaona ni kero.

Kwa wengine mnaosoma, kuna mafundi wanakiruka hicho kifyuzi kwa kipande cha waya na feni inarudi namba zote siku hiyohiyo, mteja anafurahi. Msikubali. Ukitaka kuokoa rezista yako ambayo koili ni nzima, tafuta kifyuzi kingine chenye nyuzijoto zilezile zilizoandikwa ubavuni, na uunge kwa kubana na viunganishi vya chuma. Usikilehemu, joto la pasi linakikata kabla hujakitumia.

Kwenye mota una njia mbili. Kama kinachokwaruza ni bushi tu na haijachakaa, fungua, futa uchafu, weka matone mawili ya mafuta ya injini au ya cherehani kwenye bushi, itakusogeza. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati usiitumie, inasafisha mafuta yaliyobaki halafu inakauka, wiki moja kelele zinarudi. Ila kwako umesema inacheza pembeni, hiyo bushi imeliwa, tafuta mota ya mtumba. Angalia na kaboni zake (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye ekseli) zina urefu gani kabla hujalipa.

Msonobari_Mafinga

Nikienda dukani nitaijuaje nzuri?

Mchoma_Lehemu

Nenda na mota yako mkononi ufananishe soketi na gurudumu, mkono wa kuzunguka uwe uleule. Muombe muuzaji betri na waya wenye fyuzi. Ishike kwa nguvu mota inaruka ukiiwasha. Isikilize, iwe inavuma tu bila mlio wa chuma. Kata umeme, nzuri inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa yenyewe. Ukiwasha kinyumenyume inazunguka pia ila inapuliza upepo kidogo, usishtuke ukadhani mbovu, geuza waya.

Tahadhari ya mita, usithubutu kupima ampea za feni kwa kuipitisha kwenye ile mita yako ya njano, tundu lake la ampea ni 10 tu na feni namba 4 inapita hapo. Pita kwangu nikupimie na mita ya kubana waya.

Wambu_Kinangop

Hello wadau, salamu kutoka Kinangop, Kenya. Huku pia baridi ya Julai si mchezo. Yangu ni Corolla AE100, feni inapuliza speedi zote nne vizuri kabisa lakini hewa inatoka baridi hata nikiendesha mpaka Naivasha. Nianzie wapi?

Mchoma_Lehemu

Karibu sana dada. Wewe feni yako ni nzima, usiiguse. Shida ni maji ya moto hayafiki. Angalia geji ya joto, kama mshale unabaki chini safari nzima, kuna uwezekano mkubwa fundi alitoa thamostati. Huku kwetu ni tabia iliyozoeleka, gari likichemka kidogo wanaitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ya joto haihitaji. Hiyo kitu inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike kama nyuzi 82, bila hiyo sehemu za baridi kama kwenu injini haifikii joto lake, inakunywa mafuta na hita inakuwa mapambo. Kama mshale unapanda kawaida, shika zile bomba mbili za hita zinazoingia ukutani nyuma ya injini, kwa uangalifu, zote ziwe za moto. Ukikuta zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila kuingia ndani, basi kuna mtu aliiruka rejeta ndogo ya hita kwasababu ilikuwa inavuja.

Wambu_Kinangop

Mshale huwa chini kabisa. Na ni kweli ilichemka mwaka juzi ikatengenezwa. Asante sana, naenda kuuliza.

Mwenye_Mark_II

Nauliza kwa sisi wa Mark II GX100, hita ya kubonyeza. Nayo ina rezista?

Mchoma_Lehemu

Hapana mkuu, zile za kujiendesha zenyewe zina pawa transista (kifaa cha kielektroniki cha kupunguza kasi ya feni) badala ya koili. Dalili zake ni tofauti, feni inaweza kugoma kabisa au kukwama kwenye kasi moja. Ila mota ikiwa nzito inaiua vilevile, somo la mota halibadiliki. Na wenye Corolla za nyuma za mwanzo wa miaka ya 90, nyingine badala ya fyuzi zina kibrekata (kikata umeme kinachoweza kurudishwa) cha ampea 30, kikikata kina kitundu, unaingiza pini nyembamba kinarudi. Kikikata tena usibonyeze tena, kitafute kinachokikata.

Msonobari_Mafinga

MREJESHO WA PILI

Wakuu nimerudi. Juzi nilienda Iringa kwa fundi Mchoma Lehemu, tumekutana uso kwa uso, ni mtu mzima mpole sana. Alianza kwa kurudisha mota yangu mbovu garini na kuipima ili nione mwenyewe. Namba 4 ilikula ampea 23. Ya mtumba niliyonunua kwa elfu 40 ikakula 15, na upepo mwingi kuliko ile. Hapo nikaelewa hela zangu za rezista zilienda wapi.

Soketi ya rezista tumekata tukaweka nyingine yenye pini mpya, pini amezibana na kuzilehemu. Nati ya negativu tumeifungua, tumesugua rangi na kutu mpaka chuma kikangʼaa, tumerudisha na grisi kidogo juu. Kwenye boksi la fyuzi ameondoa zile shaba, amebana miguu iliyolegea na kuweka fyuzi halali la namba iliyoandikwa kwenye mfuniko. Kwenye mota kuna kamrija kadogo ka mpira kanakopeleka hewa ndani kuipoza, zamani kalikuwa kananingʼinia tu hakajachomekwa, sijui kwa miaka mingapi, tumekarudisha.

Vipimo vya baada ya kazi, namba 4: waya wa kwanza 13.3, wa pili 0.3. Namba 1 inapuliza kimya mpaka nilisogeza sikio kuhakikisha inafanya kazi.

Jana asubuhi ukungu ulikuwa mzito kupita kawaida. Nimewasha gari, nimeweka hewa ya nje kama bibi alivyosema, feni namba 3 yote kwenye kioo, na AC nimewasha juu yake, fundi aliniambia AC inakausha hewa hata ukiwa umeweka joto. Kioo kilianza kufunguka kwa chini kama nusu mwezi mbili, zikapanda zikakutana katikati. Hatujafika hata barabara kubwa mwalimu akasema leo naona mpaka vibao.

Bibi_Kitulo

Mungu ashukuriwe mwanangu. Sasa hiyo misonobari?

Tegeta_Nyuki

Na mimi niwape mrejesho wangu. Fundi wa AC nimemwambia asubiri, nimetoa droo mwenyewe kwa kufuata uzi huu, kifyuzi cha joto kimekatika kweli, na kwenye feni nimekuta majani ya mwarobaini na karatasi ya pipi. Bushi iko sawa, nimesafisha, nimeweka rezista nyingine, AC inashika namba zote. Kompresa ni ileile. Swali langu ni kama la bibi, tunazuiaje yasirudi?

Msonobari_Mafinga

Bibi misonobari siwezi kuikata, aliipanda marehemu baba. Nimesogeza gari upande wa pili wa uwanja lakini upepo ukivuma bado zinafika.

Nilichofanya nimenunua wavu wa chuma, sio ule wa mbu maana matundu yake ni madogo mno, utaziba na vumbi upepo ukose pa kupita. Nimechukua wenye matundu ya kama milimita 5, nimetoa waipa na kile kiplastiki cha chini yake, nimekata wavu ukubwa wa shimo na kuzidisha vidole viwili kila upande, nimekunja kingo zisikate waya, nikarudisha kiplastiki juu yake kwa klipu zilezile. Hakikisha haugusi mkono wa waipa, zungusha waipa mara moja kwa mkono kabla hujafunga. Na zile tundu za maji pembeni zisafishe, maji ya mvua yakikosa njia yanaingia kwenye feni.

Leo jumapili nimefungua boneti kuangalia, wiki moja tangu niuweke. Sindano zimelala juu ya wavu kama mkeka mwembamba. Nimezifagia kwa mkono nikafunga.